Kofia Iliyovuka Mpaka

Katika filamu ya Joint Security Area, iliyoongozwa na Park Chan-wook na kuonyeshwa mwaka 2000, kuna kipande kifupi cha watalii ambacho watazamaji wengi hukitumia kunyoosha miguu. Kikundi cha wageni kimeletwa Panmunjom, pale askari wa Korea mbili wanaposimama wakitazamana uso kwa uso. Upepo unavuma, unampokonya mgeni mmoja kofia, kofia inaangukia ng'ambo ya mstari. Askari wa Kaskazini anaiokota, inarudishwa. Mgeni mwingine anapiga picha, askari wa Kusini anainua kiganja kuziba kamera: hairuhusiwi. Basi. Watu wanacheka kidogo na hadithi inaendelea.

Mimi nadai kwamba kipande hicho ndicho filamu yenyewe, na kwamba kijana anayetaka kuandika habari za safari, hata kama safari yenyewe ni ya kwenda mwisho wa daladala na kurudi, akitazame mara tatu kabla ya kushika kalamu. (Nitasimulia mwisho wa filamu. Ambaye hajaiona na hapendi kuharibiwa utamu aishie hapa, akaitafute kwanza.)

Hadithi kwa ufupi ni hii. Sajenti Lee Soo-hyuk wa Kusini anaachwa na wenzake gizani na anakanyaga bomu la ardhini. Hawezi kuinua mguu. Wanaomkuta ni maadui wawili: Oh Kyung-pil, mtu mzima aliyekwisha ona mengi, na kijana Jung Woo-jin. Wanamwokoa. Shukrani inazaa barua zinazorushwa ng'ambo, barua zinazaa ziara za usiku kuvuka daraja, na Soo-hyuk anamvuta pia mshikaji wake wa zamu, Nam Sung-shik. Wanne hao wanakutana kwenye kibanda cha ulinzi cha Kaskazini. Wanavuta sigara, wanacheza michezo ya watoto, wanasikiliza nyimbo za kanda kutoka Kusini. Usiku mmoja mlango unafunguliwa na ofisa wa Kaskazini. Risasi zinapigwa. Asubuhi kuna maiti mbili, na kila nchi ina maelezo yake: Kaskazini wanasema wamevamiwa, Kusini wanasema askari wao alitekwa akajiokoa. Anapelekwa mpelelezi asiye wa upande wowote, Meja Sophie Jean kutoka Uswisi, naye anagundua hesabu ya risasi haikubaliani na maelezo ya mtu yeyote.

Sisi tuliofanya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne tunajua jinsi kazi ya sanaa inavyopasuliwa mezani kama samaki. Maudhui huku, fani kule, wahusika wapangwe foleni, halafu mandhari yapewe mistari miwili mwishoni, muda ukiwa umekwisha. Hapa utaratibu huo unakwama. Ukiwaondoa hao wanne kutoka mahali hapo hubaki na hadithi. Wangekuwa vijana wanne tu wanaocheza kombolela.

Kwa hiyo tuanze na mahali. Vita vya Korea vilisimama tarehe 27 Julai 1953 kwa mkataba wa kusitisha mapigano, na mkataba wa amani wenyewe haujatiwa saini hadi leo. Ndani ya mkataba ule ulichorwa ukanda wenye upana wa kilomita 4, kila jeshi likirudi nyuma kilomita 2, na urefu wa karibu kilomita 250, bahari hadi bahari. Unaitwa Ukanda Usio na Majeshi, DMZ kwa herufi zake za Kiingereza. Jina lina utani wake, maana pembeni mwa ukanda huo usio na majeshi ndipo majeshi yalipojazana kuliko karibu popote duniani. Na katikati yake, Panmunjom, pana Eneo la Ulinzi wa Pamoja, ambalo ndilo lililoipa filamu jina. Hapo kuna vibanda vya mikutano vilivyopakwa rangi ya buluu, vimekaa juu ya mstari wenyewe. Nje, mstari ni tuta la saruji la kuvuka kwa hatua moja. Ndani, unapita katikati ya meza. Mtalii anayeizunguka meza amekwenda Korea Kaskazini na kurudi kwa dakika tatu, na atawasimulia wajukuu.

Jambo moja ambalo filamu hailitamki, lakini ukilijua linaibadilisha: tuta lile halikuwapo tangu mwanzo. Askari wa pande mbili walikuwa wakichanganyika ndani ya eneo hilo, kila mmoja akipita upande wa mwenzake. Tarehe 18 Agosti 1976 ulizuka ugomvi juu ya kukata matawi ya mti uliokuwa ukiziba macho ya kituo kimoja cha ulinzi, na maofisa wawili wa Kimarekani wakauawa kwa mashoka. Siku tatu baadaye mti ukakatwa chini ya ulinzi wa jeshi zima, ndege zikiwa angani. Baada ya hapo ndipo eneo likagawanywa. Ukilijua hilo, ziara za usiku za Soo-hyuk zinakuwa na ladha nyingine. Mtu anayevunja amri ya jeshi lake huyo huyo anatembea kama walivyotembea waliomtangulia kabla ya mti.

Sasa turudi kwa watalii, maana hao ndio ninaowatafuta.

Safari ya siku moja kwenda kwenye ukanda huo ni biashara ya kawaida kutoka Seoul, umbali wa kilomita hamsini na kitu. Unachukuliwa na basi asubuhi, jioni umerudi hotelini. Mimi sijakanyaga Korea. Safari hii naijua kama wengi wetu tunavyozijua safari nyingi, kwa picha na kwa maandishi ya waliokwenda, na nimeyasoma mengi. Nilichokiona ni kwamba wote wanaandika safari moja. Yaani unaweza kumpa mmoja mwanzo wa mwingine na mwisho wa yule wa tatu, na msomaji asishtuke.

Sababu ni kwamba hawakuiandika wao. Imeandikwa na ratiba. Itazame kama mhakiki. Inaanza Imjingak, bustani iliyojengwa mwaka 1972 karibu na mto, na hapo kuna garimoshi la zamani la mvuke lililotobolewa kwa risasi zaidi ya elfu moja. Hiyo ni utangulizi: vita vilikuwa kweli. Kisha daraja, askari anaingia ndani ya basi kukagua pasipoti. Taharuki. Kisha Handaki la Tatu, lililogunduliwa mwaka 1978, urefu mita 1,635, kimo na upana kama mita 2. Mnavaa kofia za plastiki, mnashuka mteremko mkali, mnainama, watu warefu wanagonga vichwa, mnafika kwenye ukuta wa saruji ulioziba njia. Hicho ndicho kilele, na ni kilele kizuri, msanii yeyote angekionea wivu: unateremka chini ya ardhi kumwelekea adui, halafu unakuta ukuta. Kisha mnapanda mlimani Dora kutazama Kaskazini kwa darubini. Kisha stesheni ya Dorasan, iliyofunguliwa mwaka 2002, yenye vibao vya njia ya Pyongyang na treni isiyokwenda Pyongyang. Huzuni kidogo ya kufungia. Kisha duka.

Tuseme ukweli, muundo huo umesukwa. Una mwanzo, kupanda, kilele, mshuko na machozi mepesi, ndani ya nusu siku, na chakula cha mchana kimo. Wapo waandishi wa riwaya ambao hawajawahi kufanikiwa hivyo kwa kurasa 200.

Na msimulizi wake ni mtembeza watalii. Hapa ndipo ninapokumbuka mabanda yetu ya video. Nakala ya Joint Security Area niliyoiona mimi ilikuwa imepigwa Kiswahili juu ya sauti, na mtafsiri wa banda, kama mnavyowajua, hawezi kunyamaza. Mhusika akinyamaza yeye anaongea. Mtu akitazama dirishani, anakwambia anamkumbuka mama yake. Pengine ni kweli. Lakini wewe ulikuwa na nafasi ya kutazama uso ule ukajiuliza, na nafasi hiyo imeliwa. Mtembeza watalii anafanya kazi hiyo hiyo juu ya ardhi badala ya kioo. Kwenye handaki anaonyesha matobo ya baruti yanavyoelekea kusini, ushahidi wa nani alichimba. Anaonyesha ukuta uliopakwa masizi ya makaa: Kaskazini walidai ni mgodi wa makaa ya mawe, na hapo mwamba ni matale, hauna makaa. Hoja ni nzuri, mimi naiamini. Anaongeza kwamba askari 30,000 wangeweza kupita kwa saa moja, kama jeshi la Kusini linavyosema. Tazama sasa: matobo ninaweza kuyaona, masizi ninaweza kuyagusa, lakini hao elfu thelathini wamepita masikioni tu. Vyote vitatu vimesemwa kwa sauti moja na pumzi moja, na nyumbani mtalii ataviandika vyote vitatu kama alivyoona kwa macho yake.

Wala msidhani upande mmoja tu ndio wenye msimulizi. Panmunjom imekuwa ikitembelewa na watalii kutoka Kaskazini pia, kwa kupitia Kaesong. Vibanda vya buluu ni vile vile, tuta ni lile lile. Msimulizi ni ofisa wa jeshi la huko, na katika hadithi yake aliyeanzisha vita ni Mmarekani. Jengo ulimotiwa saini mkataba wa 1953 liko upande wao, na ndani yake wameweka shoka la mwaka 1976. Shoka hilo hilo! Kusini ni ushahidi wa unyama. Kaskazini ni kumbukumbu ya ushujaa. Kitu kimoja, masimulizi mawili, na kila msimulizi ana basi lake limejaa watu wanaotikisa vichwa. Walimu wetu wa fasihi walihangaika kutueleza maana ya mtazamo wa msimulizi kwa mifano ya kubuni. Kumbe mfano umewekwa ndani ya kabati la kioo.

Park Chan-wook alilielewa hilo, na ndiyo maana filamu imejengwa kwa maelezo mawili yanayopingana kabla hatujaonyeshwa lililotokea. Lakini alichofanya zaidi, na hapa ninampa heshima yote, ni kumwingiza mtalii bila kumdharau na bila kumpa sifa. Mwisho wa filamu, baada ya Sung-shik kujirusha dirishani na Soo-hyuk kujipiga risasi, picha ile iliyopigwa na mgeni inarudi, imeganda. Kamera inatembea juu yake taratibu. Wote wanne wamo. Wa Kusini wawili, wa Kaskazini wawili, kila mmoja yuko kazini, hakuna anayemtazama mwenzake kwa namna ya kumfichua. Kile kiganja cha Soo-hyuk kinachoziba kamera kimo.

Mgeni aliyeipiga alikuwa nao urafiki mzima ndani ya kamera yake, na hakujua. Alidhani amepiga picha ya mpaka. Ataiweka sebuleni na kuwaambia wageni, hawa ni maadui wa kutisha, na huyu hapa alikuwa mkali kweli, hakutaka nimpige. Picha haikusema uongo hata chembe. Mtu ndiye hakuambiwa pa kutazama, au aliambiwa pengine.

Hapo ndipo ninapowageukia waandishi wa safari. Wengi wakifika kwenye ukanda huu wanaandika woga wao. Wanaanza na karatasi ambayo wageni wa Panmunjom walitakiwa kutia saini, kwamba mtu anaingia eneo la uhasama na anaweza kuumia au kufa kwa kitendo cha adui. Wanaeleza walivyokatazwa kuvaa jinzi zilizochanika, walivyoambiwa wasinyooshe kidole wala kupunga mkono. Moyo ukadunda. Halafu? Halafu wakapiga picha, wakanunua kipande cha waya wa miiba kilichofungwa vizuri kama zawadi, wakarudi Seoul kula. Samahani, wenzangu, huo ni woga wa kuzuga. Woga ulionunuliwa pamoja na tiketi haupaswi kupewa ukurasa wa kwanza. Na ubaya wake ni kwamba unakalia kiti cha mtu mwingine.

Mtu gani? Pale pale Imjingak, hatua chache kutoka garimoshi lile, pana madhabahu iliyojengwa mwaka 1985 kwa ajili ya waliotengana na kwao. Siku za mwaka mpya wa jadi na za sikukuu ya mavuno, wazee waliozaliwa Kaskazini wanakuja pale, wanapanga vyakula, wanainama kuelekea makaburi ya wazazi wao wasiyoweza kuyafikia. Zaidi ya watu 130,000 wa Kusini walijiandikisha kutaka kuonana na ndugu zao. Mikutano ya familia ilianza kwa mara moja mwaka 1985, ikaendelea kwa vipindi kuanzia mwaka 2000, na ya mwisho ilifanyika mwaka 2018. Wachache kati ya waliojiandikisha ndio waliobahatika, na wengi wao sasa wamekufa. Wakati wa mikutano hiyo mtu alimwona kaka yake kwa saa kadhaa, baada ya miaka hamsini au sitini, kisha kila mmoja akapanda basi lake. Basi, tena. Naona ajabu kwamba katika maandishi ya siku moja niliyosoma, madhabahu ile inapata nusu sentensi, na duka linapata aya.

Pia wapo wanaoishi ndani ya ukanda wenyewe. Kijiji cha Daeseong-dong, upande wa Kusini, kina wakulima wasiolipa kodi na vijana wake hawaendi jeshini, lakini usiku lazima wawe majumbani na wanalima wakilindwa na askari. Ng'ambo ya pili, Kijong-dong, Kaskazini walisimamisha mlingoti wa bendera wa mita 160 baada ya Kusini kusimamisha wa kwao wa karibu mita 100. Waandishi wanaupenda sana mlingoti. Ni rahisi kuucheka. Kuandika habari za mama anayepanda mpunga huku mtu mwenye bunduki amesimama kwenye jaruba, na mama huyo amekwisha zoea, hiyo kazi inahitaji kukaa zaidi ya nusu siku. Na pengine hairuhusiwi kabisa. Lakini mwandishi anaweza angalau kusema kwamba hapa pana mtu ambaye sikuonyeshwa.

Kuna watalii wawili walioivunja ratiba, na wote wawili wanajulikana duniani. Tarehe 23 Novemba 1984, kijana wa Kisovieti, Vasily Matuzok, akiwa kwenye ziara iliyotoka upande wa Kaskazini, alikimbia kuvuka mstari kwenda Kusini. Walinzi wa Kaskazini walimfuata wakifyatua risasi. Mapigano yaliyofuata yaliwaua watatu wa Kaskazini na mmoja wa Kusini. Tarehe 18 Julai 2023, askari wa Kimarekani, Travis King, aliyekuwa arudishwe kwao kukabili nidhamu ya jeshi, alitoroka kiwanja cha ndege, akaingia katika ziara ya kawaida ya Panmunjom, na akiwa katikati ya wageni wenziwe akakimbia kwenda Kaskazini. Walimfukuza mwezi Septemba mwaka huo huo. Mmoja alikimbia huku, mwingine kule. Riwaya zimejificha hapo, wala sizungumzii riwaya za kijasusi. Nawafikiria wale wengine waliokuwa kwenye kundi. Walikuja kutazama mpaka uliotulia kama picha ya ukutani, ghafla mtu mwenye tiketi kama yao anakuwa hadithi. Mwenye kamera anafanya nini sekunde ile?

Kofia ya Park Chan-wook ni ndugu wa watu hao, ila yeye amechagua kitu chepesi zaidi. Kofia haina nchi. Inavuka, inaokotwa, inarudi, hakuna aliyekufa. Kwa sekunde chache sheria nzima ya eneo imeonekana kuwa ni makubaliano ya watu, ambayo upepo hakuhudhuria. Mwongozaji dhaifu angepiga muziki hapo ili tuelewe. Yeye hakupiga, au alijua kwamba tukielewa mapema atapoteza mwisho wake.

Sasa makosa yake, maana sikuja kumpigia debe. Meja Sophie ni mhusika aliyeumbwa nusu. Katika riwaya iliyozaa filamu, DMZ ya Park Sang-yeon iliyotoka mwaka 1997, mpelelezi ni mwanamume. Filamu ikambadili kuwa mwanamke, jambo lililoweza kuleta mengi, kisha ikamwacha aulize maswali na kutembea kwenye korido. Ana historia nzito: baba yake ni mmoja wa wafungwa wa vita Wakorea 76 waliokataa kubaki Kusini na kukataa kurudi Kaskazini, wakaenda nchi za mbali. Hebu fikiria baba wa namna hiyo! Filamu inatupa picha yake ya zamani iliyokunjwa na maneno machache, halafu inakimbilia kwa wavulana. Tena maongezi ya Kiingereza katika filamu yamekauka kama mkate wa juzi. Hata mimi niliyejifunza Kiingereza kwa viboko nilisikia. Inaonekana mwongozaji aliwajua vizuri watu wa ndani, yule wa nje akamshinda. Yaani amefanya kinyume cha kosa la waandishi wetu wa safari, wanaomjua wa nje tu, kwa kuwa ni wao wenyewe.

Lakini kuna kipande cha biskuti. Woo-jin na Kyung-pil wanakula keki ndogo za chokoleti za Kusini, tamu ajabu, na Soo-hyuk anamwambia Kyung-pil ahamie kwao akale mpaka ashibe. Kibanda kinanyamaza. Kyung-pil anaitema keki mkononi. Anasema, kwa maana yake, kwamba anaota siku nchi yake itakapotengeneza tamu kuliko hizo, na mpaka siku hiyo atazitamani hizi. Kisha anairudisha mdomoni, yote. Nimeshawaona waandishi wakitumia sura nzima kueleza kwamba adui ni mtu mwenye njaa, tamaa na fahari kama wewe. Hapa keki imetoka mdomoni na kurudi. Na mtafsiri wa banda, kwa bahati, alikuwa anacheka na wenzake, akasahau kuongea. Ndiyo sababu niliiona.

Kuna watakaosema, wewe unamdai mtalii kazi ya mwandishi. Mtalii amelipa, amechoka, ana siku moja. Kweli. Mtalii simdai kitu. Ninayemdai ni yule anayerudi akasema sasa ninaandika. Na sisemi hayo kwa ajili ya Korea peke yake, kwani hadithi nyingi tunazoletewa kwenye mikutano yetu ya uandishi, za Manzese, za machimboni, za gerezani, zimeandikwa na mtu aliyepita na basi. Ana kila kitu: harufu, makelele, mtoto mwenye kamasi. Ana picha. Ndani ya picha kuna wanne wanaofahamiana, na yeye anatuelezea kiganja.

Jambo la mwisho ni kuhusu mahali filamu ilipotengenezwa. Panmunjom halisi haikupatikana kwa kazi hiyo, kwa hiyo mafundi walijenga yao kwenye studio za Namyangju: jengo kubwa, vibanda vya buluu, mstari. Filamu ilivuta watu vibaya sana huko kwao, na seti ikaachwa isimame, ikawa nayo mahali pa kutembelewa. Kumbukeni kwamba kwa miaka mingi mgeni kutoka Ulaya au Marekani aliipata ziara ya Panmunjom kwa urahisi kuliko Mkorea wa Kusini, ambaye ilimbidi aombe mapema na kuchunguzwa kwanza. Basi wengi wao mahali walipousogelea mstari wa nchi yao ni hapo studio, wakiwa na watoto wao. Hapakuwa na askari wa kuinua kiganja. Walisimama mguu mmoja Kusini, mmoja Kaskazini, wakapigana picha, wakabadilishana zamu, akaja mwingine.